Mshika Sifuri na Mikungu Kumi na Saba

Kazi yake ilikuwa kushika sifuri.

Tepu ya kupimia barabara ina ncha mbili. Mtu mmoja huivuta mpaka mbali, kwenye namba kubwa, akasoma na kuandika. Mwingine huinama pale inapoanzia, akabana kile kichuma cha mwanzo kwa kidole gumba, kisha akapaza sauti, "Sifuri!" ili yule wa mbali ajue sasa anaweza kusoma. Yeye ndiye aliyekuwa wa kupaza. Kwa miaka ishirini na miwili aliinama juu ya lami, kokoto na matope kwa ajili ya ofisi ya barabara, mpaka watu wakasahau jina lake, wakamwita Sifuri.

"Sifuri, una watoto wangapi vile?" fundi wa katapila alipenda kumuuliza mbele za watu.

"Watatu."

"Sifuri mara ngapi ikatoa tatu? Umesoma hesabu za wapi wewe?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka kidogo huku akitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa haya. Dukani alisubiri wote wahudumiwe kwanza. Kwenye mikutano ya ofisi alikaa karibu na mlango. Neno pekee alilowahi kulisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara lilikuwa lile moja, na alilipenda kwa sababu halikuhitaji jibu.

Sheria ya miti aliijua kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Watu wengi hudhani mti wa barabarani ni wa aliyeupanda, au ni wa anayekaa kivulini mwake, au si wa mtu. Sivyo. Kutoka katikati ya barabara, mita kumi na tano kila upande ni eneo la barabara. Mti uliosimama humo ni wa barabara, hata kama umeupanda kwa mkono wako na kuumwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Unakatwa na huna la kusema. Lakini ukiwa umesimama mita kumi na tano na shubiri moja, ni wako, na hata injinia mwenyewe akiutaka lazima avue kofia aje akuombe. Matawi hayahesabiwi. Kinachopimwa ni shina, pale linapotokea ardhini. Kila baada ya kupima, Sifuri alichukua kopo la rangi nyekundu akauandikia namba mti wa barabara. Mti wa mtu hauandikwi kitu.

Na katikati yenyewe ya barabara si ule mstari mweupe uliopakwa kwenye lami. Hilo nalo alilijua. Lami humwagwa na watu, na watu hukwepa mwamba, hukwepa tope, hukwepa nyumba ya mkubwa. Katikati ya kweli hutafutwa kwa mawe ya mpaka, vile vinguzo vidogo vya zege vyenye namba ambavyo wapimaji wa zamani walivizika pande zote mbili. Usipoliona jiwe, unarudi ofisini kuomba ramani. Ndivyo kazi inavyotaka.

Siku walipoipima barabara ya stesheni ili ipanuliwe, mawe hayakuonekana. Alitafuta nusu saa nzima, akipekua nyasi kwa ncha ya kiatu. Injinia alikuwa kwenye gari, injini inanguruma, mara anapiga honi, mara anachungulia saa.

"Sifuri! Umezika nini huko unachokitafuta? Anza bwana, jua linatuchoma!"

Angeweza kusema, jamani, jiwe halipo, turudi tukachukue ramani. Honi ikalia tena. Akaenda katikati ya lami, akaweka kichuma juu ya mstari mweupe, akainama.

Upande wa juu wa barabara, mbele ya nyumba ndefu ya mabati yaliyopauka, kulikuwa na mikungu kumi na saba, ile miti ya kivuli izaayo kungu, iliyopangwa mstari mmoja, minene, majani yake mapana kama visahani. Bibi mwenye nyumba alitoka na ufagio mkononi. Alikuwa mjane wa fundi baiskeli aliyeipanda mikungu hiyo. Alimtazama Sifuri pale alipoinama, akaita kwa upole:

"Mwanangu, unaanzia hapo?"

Sifuri hakuinua kichwa. "Hapa katikati, bibi."

"Katikati ya zamani ilikuwa kule kwenye mtaro wa upande wa pili. Walipomwaga lami waliisogeza huku kwangu. Mimi nilikuwepo."

Alisikia kila neno. Aliona aibu kusimama, aibu kumwambia injinia kwamba bibi wa ufagio anaijua barabara kuliko wao. Akabana kidole gumba, akapaza sauti yake kubwa:

"Sifuri!"

Mwenzake akasoma kumi na nne kasoro. Mkungu wa kwanza ukaandikwa moja. Mpaka saa sita mchana kumi na saba yote ilikuwa na namba, na Sifuri alikuwa na rangi nyekundu mpaka kwenye viwiko. Bibi alisimama mlangoni muda wote huo. Hakulia wala hakugomba. Sifuri alipofika kwenye mti wa mwisho, bibi akamwambia tu, "Umeandika vizuri. Una mwandiko mzuri."

*

Mikungu ilikatwa wiki iliyofuata, kwa siku tatu. Kumi na sita. Ule wa kumi na saba ulikuwa umegusana na nyaya za umeme, ikabidi usubiri mpaka watu wa umeme waje kuzima laini, na hao waliahidi kuja Alhamisi ya wiki ya pili baada ya hiyo.

Jumapili baada ya kukata, Sifuri alikuwa nyumbani anakula mchana. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mwembamba, nyuma kuna ukuta wa jirani, mbele kuna tangi la maji. Hakuna mti hata mmoja. Alikuwa amenyanyua tonge akasikia kitu juu ya bati. Kwaru. Kikatulia. Kwaru, kwaru, mpaka ukingoni, kikaanguka.

"Nini hicho?" akauliza.

"Nini?" mkewe akasema.

"Juu. Majani."

"Majani yametoka wapi, baba watoto? Tangi limeota?"

Akatoka nje, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachungulia. Bati lilikuwa tupu, linang'aa kwa jua. Aliporudi kukaa likaanza tena, jani moja, kisha mawili matatu pamoja, yale majani mapana makavu yanayojikokota kama mtu mwenye kandambili kubwa. Mkewe aliendelea kula. Sifuri akasukuma sahani.

Toka siku hiyo yalimfuata. Yalianguka juu ya bati la choo cha ofisi akiwa ndani peke yake. Yalianguka juu ya turubai la lori asubuhi walipokwenda kazini. Na lori lilipopita barabara ya stesheni aliona mambo mengine, mambo ambayo kila mtu aliyaona lakini hakuna aliyeyatamka. Watu walioteremka kwenda stesheni walitembea upande ule ule wa juu, wakipinda kidogo hapa, wakipinda kidogo pale, kama kwamba kivuli bado kipo na mashina bado yako njiani. Wauza vocha walikuwa wamerudi kukaa walipokuwa wakikaa enzi za kivuli, juani, vichwa wazi, wanatokwa jasho. Na bibi alikuwa anafagia. Ardhi ilikuwa safi kama sakafu, yeye anafagia. Alifagia mpaka penye kisiki cha kwanza, akauzunguka mti usiokuwepo, akainamisha kichwa kukwepa tawi lisilokuwepo, akaendelea hadi wa pili.

"Bibi amechanganyikiwa," fundi wa katapila alisema.

Hakuna aliyecheka.

*

Jumatatu ya wiki ile ya watu wa umeme, wakatumwa kung'oa visiki. Katapila lilikuwa linasukuma, kisiki kinalia, mizizi inakatika pu pu, udongo unamwagika. Kazi ya Sifuri ilikuwa kusimama pembeni na kuhesabu. Walipofika kwenye kisiki cha kumi na sita, kikapinduka kizima, mizizi ikaelekea juu kama vidole vya mkono. Na katikati ya vidole, upande uliokuwa umeelekea barabara, kulikuwa na kitu cheupe.

Alisogea. Lilikuwa jiwe la mpaka. Mzizi mmoja mnene kama paja la mtoto ulikuwa umelizunguka mara mbili na kulibana, miaka mingi, mpaka zege likawa na alama ya gamba. Namba yake ilisomeka vizuri.

Akahisi kama amemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Jiwe lilikuwa mbele ya shina. Maana yake shina lilikuwa nyuma ya mpaka. Maana yake mti haukuwa wa barabara.

"Mzee Sifuri, umepata dhahabu?" fundi wa katapila akapaza sauti kutoka juu.

"Zege tu," akasema.

"Basi sogea, tulitupe kwenye kifusi."

"Kiache hiki kisiki. Kiache mpaka kesho."

Fundi akamshangaa, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akikataza kitu. Akazima injini. Ilikuwa saa ya chakula hata hivyo.

Wenzake walipokwenda kula, Sifuri alivuka barabara. Alijua kwamba jiwe la upande huu lazima liwe na mwenzake upande wa pili, mita thelathini kamili. Alilitafuta nyuma ya gereji ya matairi, akasogeza rimu kuukuu, akakwangua tope lililochanganyika na oili, akalipata. Safari hii hakuwa na mtu wa kushika ncha nyingine. Akafunga kichuma cha tepu kwenye jiwe kwa waya, akavuka tena akiivuta, magari yakimpigia honi na madereva wakimtukana. Thelathini ikaangukia ndani ya shimo, pale hasa jiwe lilipokuwa limelala kabla mzizi haujalinyanyua. Katikati ya hizo thelathini, kumi na tano, ikaangukia kwenye mtaro.

Kule kule bibi alikosema.

Akasimama shimoni, tepu mkononi. Miti kumi na sita iliyokatwa ilikuwa ya mtu, na yeye ndiye aliyeifanya ya barabara. Uliobaki ni mmoja, wa kumi na saba, wenye namba yake nyekundu, na Alhamisi walikuwa wanakuja kuzima umeme. Asiposema, hakuna atakayejua. Akisema, miaka yake ishirini na miwili ya kazi itaangukia mtaroni pamoja na ile kumi na tano.

Majani yakaanza kuanguka. Hapakuwa na bati pale, hapakuwa na kitu juu yake ila mbingu, lakini aliyasikia yakijikokota karibu kabisa na masikio yake.

"Mwanangu."

Bibi alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo.

"Unayasikia na wewe," alisema. Hakuwa anauliza.

Sifuri akaanza kuikunja tepu.

"Yule mzee wangu alikuwa hakai mahali pamoja. Asubuhi anatengenezea baiskeli chini ya mti wa kwanza, jua likisogea anahama na zana zake, mti hadi mti, jioni anamalizia wa kumi na saba. Hata baada ya kumzika aliendelea kuhama. Nilikuwa namsikia, akifika mti gani najua ni saa ngapi. Sasa anakaa kwenye mmoja kutwa nzima. Mkikata na ule, sijui ataelekea wapi." Akatazama tepu. "Labda kwa anayemsikia."

Akaondoka na ufagio wake.

*

Nyumbani alimweleza mkewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane akazungumza mpaka chakula kikapoa.

"Watakufukuza?" mkewe akauliza.

"Sijui. Labda."

"Na usiposema?"

Akatazama juu kwenye bati. Mkewe naye akatazama. Yeye hakusikia kitu, lakini aliona jinsi shingo ya mumewe ilivyokakamaa, akasogeza sahani kando.

"Nimeolewa na mtu mmoja," mwishowe akasema. "Sitaki kukaa nyumba moja na wawili. Nenda kaseme."

Jumanne asubuhi alisimama mbele ya meza ya injinia. Akaeleza jiwe, mzizi, gereji, mtaro. Alieleza kwa sauti ndogo hata injinia akamwambia mara mbili arudie. Alipomaliza, injinia aliinuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe, bosi." Hakumtaja mkewe.

"Vizuri. Basi tumeelewana. Alhamisi ule wa mwisho unaanguka, kile kisiki kinakwenda kwenye kifusi na jiwe lake, na wewe unarudi kwenye kazi yako. Unataka niende juu nikawaambie nimekata miti kumi na sita ya mjane? Kwa sababu mshika tepu hakuona jiwe?"

"Niliambiwa ilipo katikati. Bibi aliniambia. Sikutaka kusikia."

"Basi endelea kutosikia. Hilo unaliweza."

Akatoka. Kwenye korido alisimama mbele ya dirisha la karani mtunza daftari la vipimo. Daftari lile lilikuwa na utaratibu wake ambao hata injinia hakuweza kuuvunja: kipimo kikishaandikwa hakifutwi. Ukikosea unakipiga mstari mmoja, unaandika kilicho sahihi, unaeleza sababu na kutia sahihi, na siku hiyo hiyo nakala ya ukurasa inakwenda makao makuu. Lakini aliyeandika humo siku zote alikuwa mwenye kusoma tepu. Mshika sifuri hakuwa na neno la kuandika.

"Naomba ukurasa wa barabara ya stesheni," alisema.

Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtazama juu hadi chini. "Wewe Sifuri? Unaandika wewe?"

"Leo ndiyo."

"Makubwa haya." Akamsogezea daftari na kalamu, akabaki amemkodolea macho.

Aliandika polepole, kwa mwandiko uleule wa kwenye miti. Alipiga mstari juu ya vipimo kumi na saba, kimoja kimoja, na kila alipopiga mmoja mkono ulimwuma kama ameshika msumeno. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: *Niliweka sifuri mahali pasipo pake.* Akafikiria, akaongeza: *Niliambiwa.* Akatia sahihi.

Karani alisoma, akavua miwani. "Baba wee," akasema taratibu. "Unajua hili likiingia nakala halirudi?"

"Ingiza, mama."

*

Injinia hakumsemesha tena. Barua ilirudi kutoka juu Jumatano jioni, fupi na kavu: mti namba kumi na saba si wa barabara, ni mali ya mwenye kiwanja, usiguswe, habari za ile kumi na sita zitachunguzwa, mshika tepu ahamishiwe stoo. Injinia aliitupa mezani. "Kampelekee mwenyewe bibi yako."

Alimkuta barazani. Alimsomea barua yote, kwa sababu bibi alisema macho yake hayaoni vizuri, akarudia sehemu ya mali ya mwenye kiwanja. Bibi alisikiliza huku akitazama ule mkungu mmoja uliosimama peke yake mwisho wa mstari wa mashimo.

"Kwa hiyo ni wangu."

"Ni wako, bibi. Hata ile mingine ilikuwa yako."

"Ile mingine iache. Ile umeshaiandika." Akaegemeza ufagio ukutani. "Huu ukiwa wangu, serikali haiwezi kuukata."

"Haiwezi."

"Na mimi naweza?"

Sifuri alishtuka. Hakuwahi kulifikiria hilo. Muda wote alidhani ameuokoa.

"Sheria inasema mali yako. Unaweza kuuacha, unaweza kuukata. Ni wewe."

Bibi aliinuka, akauendea mti, akaweka kiganja juu ya namba nyekundu. Alisimama hapo akitega sikio, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukaza nati. Sifuri alibaki barazani, barua mkononi, hakujua kama aage au asubiri.

"Amechoka," bibi akasema bila kugeuka. "Kukaa mahali pamoja hakujui. Siku nyingine nafikiri nimwache, siku nyingine nafikiri nimfungulie aende zake. Bado sijakata shauri."

"Ndiyo, bibi."

"Lakini siku nikiamua kuukata, sitawaita watu wa msumeno kwanza. Nitakuita wewe. Hutashika tepu wala rangi. Utakaa hapo ulipo, utazame tangu mwanzo mpaka mwisho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Utakuja?"

Angeweza kuitikia kwa kunong'ona, kama anavyosema kila kitu. Lakini sauti ilimtoka ileile kubwa, ya kuvuka barabara, mpaka wauza vocha wakageuka.

"Nitakuja!"

Siku hizi yuko stoo. Ni chumba chenye giza, kina harufu ya mafuta na kamba mpya, na dirisha dogo la wavu ambalo watu hupitishia karatasi za kuombea vifaa. Hapendi wala hachukii. Mara kwa mara husikia hatua za polepole kwenye korido, hatua za mtu mzima aliyevaa kandambili, naye huacha alichokishika, hujifuta mikono kwenye suruali, husimama wima nyuma ya wavu, tayari kwenda kwa bibi. Mpaka leo wote wamekuja kuchukua makoleo.